Kitabu kimekatika mwishoni: nimalizie kwenye tamthilia au nitafute kingine?

Msomaji wa Uyole
Wakuu, habari za jioni. Nimepata soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, meza ya mitumba, vitabu viwili vya vampaya, wale wanyonya damu, vya Charlaine Harris, vya yule mhudumu wa baa, Sookie Stackhouse: Dead Until Dark na Living Dead in Dallas. Elfu tatu vyote. Cha kwanza nilikimaliza siku tatu tu. Baridi ya Juni huku kwetu mnaijua, saa mbili usiku uko ndani ya blanketi. Cha pili kinaanza na maiti ya Lafayette, mpishi wa baa, ndani ya gari la mpelelezi Andy. Mambo yanaiva, nafunua ukurasa, nakutana na gamba! Kurasa za mwisho zimenyofolewa, imebaki gundi kavu. Binamu ana True Blood, tamthilia ya TV iliyotokana na vitabu hivi, misimu yote saba kwenye flashi. Nikiangalia wa pili nitamjua muuaji, au nitafute kitabu kizima?

Binti Gangilonga
Kamwene. Flashi haitakusaidia. Msimu wa kwanza, ule wa 2008, umekifuata kitabu cha kwanza vizuri, hata muuaji ni yuleyule. Kingekatika hicho ningekuambia kaa na binamu yako. Lakini msimu wa pili, kwenye gari la Andy wameweka maiti nyingine kabisa, ya mwanamke. Lafayette mzima, anadunda mpaka msimu wa saba. Utakesha ukimtafuta muuaji wa mtu ambaye hajafa.

Dereva wa Makambako
Asante kwa kumwaga mchele, dada. Mimi ndiyo kwanza niko sehemu ya nne.

Binti Gangilonga
Pole kaka. Kitabu chenyewe ni cha 2002 lakini.

Parachichi Njombe
Mimi nasimama na tamthilia. Vitabu viko 13, cha mwisho 2013, na vyote anasimulia Sookie. Asipokuwepo yeye, hakuna kinachotokea. Kwenye TV rafiki yake Tara ana maisha yake, kaka yake Jason ana ujinga wake, halafu kuna Jessica, ambaye kwenye vitabu hayupo kabisa na ndiye mhusika ninayempenda kuliko wote.

Binti Gangilonga
Jessica nakupa. Ila wewe unazungumzia tamthilia ya ukoo, mwenzio anatafuta muuaji. Sookie anasikia mawazo ya watu wote isipokuwa vampaya. Kwenye kitabu umo kichwani mwake: anapeleka bia meza ya tatu, anadaka nusu ya wazo la mteja, nawe unaanza kumshuku kila anayeagiza chipsi. Kwenye TV kamera inamsogelea usoni, sauti inapita, basi. Na kwenye msimu wa pili upelelezi unamezwa na yule mama Maryann na karamu zake.

Mama Kiwira
Mama mkwe aliona jalada akaniuliza, "Unasoma mambo ya mumiani humu ndani?" Nikamwambia hapana, halafu nikawaza tena. Mumiani wetu ni binadamu anayetafuta damu ya wenzake akauze. Humu vampaya wamepata damu ya chupa, uvumbuzi wa Wajapani, ndiyo maana wamejitokeza hadharani. Wanaovizia damu ya kuuza ni wale mke na mume Rattray, wanaomfunga yule vampaya Bill maegeshoni na kumkamua. Yaani mumiani ni wao, vampaya ndiye mwathirika! Sikumweleza mama mkwe, chai ingepoa.

Dereva wa Makambako
Kuna njia ya tatu: vya kusikiliza. Msomaji ni Johanna Parker, ana lafudhi ya Kusini mwa Marekani, mwanzoni inasumbua masikio. Pakua ukiwa na waifai. Mbeya hadi Iringa unakula nusu ya kitabu, angalia tu usilale ukapitiliza kituo.

Parachichi Njombe
Au nunua cha kusoma kwenye simu. Hakinyofoki.

Msomaji wa Uyole
Ndaga fijo wote. Nitachukua cha simu, flashi itasubiri. Leo nilirudi Mwanjelwa kumuuliza muuzaji, akasema kilitoka kwenye belo hivyohivyo. Meza ya jirani dada anauza karanga kwenye vikaratasi vya Kiingereza. Moyo ukanipasuka. Nikanunua za mia tano, nikafungua pembeni taratibu: mapishi ya keki.