Hilux LN106 inavuta kushoto nikishika breki, kalipa ninunue moja au jozi?

mkulima_mbozi
Wakuu habari za mihangaiko. Hilux yangu ya zamani, LN106, injini ya dizeli aina ya 3L, kazi yake mahindi na mbolea. Nikikanyaga breki inavuta kushoto. Nikishuka, rimu ya mbele kushoto haishikiki kwa moto, ya kulia vuguvugu tu. Fundi anasema kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) imekufa, muuza spea anataka ninunue jozi. Mteremko wa Senjele naupita na mzigo, sitaki kubahatisha. Na za mtumba vipi?

SpanaKumi
Pesa iache mfukoni kwanza. Gurudumu likiwa limekaba, piga jeki, kisha legeza pale bomba la chuma linapoungana na mpira wa breki. Likiachia, shida iko juu kwenye masta, ile pampu kuu ya breki. Lisipoachia, legeza nati ya kutolea upepo kwenye kalipa. Likiachia hapo, mbaya ni mpira: umevimba ndani, mafuta yanapita kwenda, kurudi hayarudi. Kwa nje utauona mzima kabisa. Likiendelea kukaba, ndipo uilaumu kalipa.

babu_difu
Naongezea. Kalipa za mbele za hiyo gari zina pistoni nne, mbili kila upande, hazitelezi kwenye pini kama za saluni nyingi. Pistoni kama hazijaliwa na kutu, sili mpya (raba za pistoni) zinatosha. Osha kwa mafuta ya breki, siyo petroli wala dizeli, raba zitavimba. Mtumba usinunue bila kufunua vumbi-raba, ile raba ya kukinga vumbi, uone pistoni.

Mama Tipa
Mimi nabadilisha jozi siku zote. Upande mmoja mpya, mwingine umechoka, gari itaendelea kuvuta tu.

SpanaKumi
Pedi na mipira sawa, jozi. Kalipa nzima kuitupa ni hasara, Mama.

mkulima_mbozi
Asanteni. Kwenye bomba la chuma halikuachia, kwenye nati ya kalipa likaachia papo hapo.

babu_difu
Basi mipira yote miwili ya mbele, na uangalie pedi za kushoto, zitakuwa zimeungua. Siku ukifungua kalipa, usichanganye ya kulia na ya kushoto: nati ya upepo lazima ikae juu, ikikaa chini hewa haitoki hata mkanyage mpaka jioni. Kutoa upepo anza gurudumu la nyuma kushoto, ndilo la mbali na masta. Weka mafuta ya breki DOT 3 ya kopo jipya, lililokaa wazi limeshanyonya unyevu, na kwenye mteremko linachemka mapema.