Mjadala: Je, usharika uwe na Jumapili ya kuchangia damu, au kila mtu aachiwe hiari yake?

Mleta mada (mzee wa kanisa, Iringa)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba tulijadili hili kwa uwazi, Wakristo na wasio Wakristo, maana limeligawa baraza letu la wazee na kikao kijacho lazima tuamue.

Mwezi wa nne mke wa mwanakwaya mwenzetu alijifungua salama, halafu damu ikagoma kukata. Saa tano usiku mumewe akanipigia: "Mzee, wanataka damu, chupa tatu." Nikawaamsha viongozi wa jumuiya, tukapata wanaume saba na bodaboda nne. Wa kwanza kupimwa alikuwa na kilo 47, akarudishwa, kwa sababu wanaanzia 50. Wa pili presha ilikuwa juu. Wa tatu alikuwa katikati ya dozi ya malaria. Wa nne wingi wa damu yake mwenyewe haukutosha. Tukabaki watatu. Nikiwa nimelala pale na mpira mkononi, nikamuuliza muuguzi kama chupa yangu inakwenda wodini moja kwa moja. Akasema, "Hapana baba, hii inapimwa kwanza, VVU, homa ya ini B na C, kaswende. Mgonjwa wenu ameshaanza kuongezewa."

Baadaye mlango wa wodi ulipofunguliwa niliuona ule mfuko ukining'inia, na mumewe akanisomea kibandiko chake: O chanya, namba ndefu, tarehe ya kuchangiwa, tarehe ya mwisho wa matumizi. Damu ile ilikuwa na siku kumi na moja. Jina hakuna. Siku kumi na moja kabla hatujajua kama kutakuwa na shida, mtu fulani alikuwa ameshatoa damu iliyomwokoa yule mama. Sisi na bodaboda zetu tulikwenda kurudishia tu.

Tangu usiku ule nasema tunachangia kwa kuchelewa. Damu haiwekwi kama mahindi ghalani. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu wiki tano au sita, chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, siku tano tu. Kwa hiyo watu wanatakiwa watoe kabla hawajaitwa, tena kwa mfululizo. Mwanamume mwenye afya anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Pendekezo langu ni kwamba mara moja kila robo mwaka tuwaite Damu Salama, wale wa mpango wa taifa wa kukusanya damu, waweke vitanda ukumbini baada ya ibada, na itangazwe kuwa ni sadaka kama sadaka nyingine. Jogoo na mikungu ya ndizi tunanadi pale nje mpaka saa nane mchana, tukajenga mnara wa kengele. Yakobo anauliza inafaa nini kumwambia mwenye njaa aende kwa amani, ashibe, na hukumpa kitu. Mimi nauliza tumemwombea nani aliyelazwa bila kujua kama benki ya damu ina chochote?

Wanaopinga wana sababu zao. Zileteni.

Muuguzi, Mwanza

Shikamoo mzee. Nakuunga mkono kwa mikono miwili. Nipo wodi ya watoto. Mvua zikikatika malaria inapanda, mtoto analetwa viganja vyeupe kama karatasi, anahema kama ametoka kukimbia, ukipima wingi wa damu unakuta 4 tu. Huyo hana saa sita za kusubiri mjomba atoke kijijini. Kuna na watoto wa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ambao baadhi yao wanarudi kuongezewa kila mara.

Wanaotubeba mwaka mzima ni wanafunzi, hasa vidato vya juu waliofikisha miaka 18. Shule zikifungwa, friji linabaki na vibandiko viwili vitatu. Watu wazima wenye kazi na mshahara tunawaona ndugu yao akilazwa.

Ombi moja tu, msipange makanisa yote mchangie Pasaka. Tutapata damu nyingi wiki moja, nyingine itaisha muda, na mwezi wa sita hatuna kitu. Gawaneni miezi, na likizo za shule zipewe kipaumbele.

Naishi nayo, Njombe

Mzee, nimesoma hoja yako mara mbili. Nia yako naiheshimu. Ila mimi naishi na VVU mwaka wa tisa sasa, nameza dawa zangu, naimba sauti ya pili kwaya, na jumuiya yangu haijui. Hiyo Jumapili watu wakipanga foleni ukumbini, mimi nitakaa wapi?

Neno linalonitisha ni "sadaka". Bahasha zetu zina namba, na asiyetoa anajulikana. Ukiiita damu sadaka, asiyetoa ataulizwa, tena kwa upendo kabisa: "Vipi dada, mbona wewe hukuingia?" Wiki mbili baadaye mtaa mzima una jibu lake.

Na kuna hili ambalo wazee hamlifikirii. Kabla ya kutoa, mtu anahojiwa mambo yake ya ndani, pamoja na wenzi aliolala nao. Baba wa ndoa ya kanisani atasema kweli na wewe mzee umekaa mita mbili? Atadanganya ili asiaibike, atatoa. Kama ameambukizwa siku chache zilizopita, kipimo kinaweza kisione. Shinikizo lako la kiroho litakuwa limeweka sumu kwenye mfuko wa mtoto wa huyo muuguzi wa Mwanza.

Shahidi wa Yehova, Arusha

Mmeomba maoni ya wote, nami natoa kwa heshima. Sisi hatutoi damu wala hatuongezewi. Walawi 17 inasema uhai wa mwili u katika damu, na Matendo 15 mitume wanaagiza kujiepusha na damu. Si kwamba hatuthamini uhai. Tunakwenda hospitali, tunafanyiwa upasuaji, tunaomba matibabu yasiyotumia damu. Msituhesabu kama watu wasiojali jirani.

Mleta mada

Ndugu wa Arusha, asante kwa kusema kwa upole. Mimi naisoma Matendo 15 kuwa inahusu kula, kwa sababu damu imetajwa pamoja na nyama za sanamu na za wanyama walionyongwa. Hapo hatutakubaliana, na sitakuvuta kwenye foleni. Dhamiri ya mtu mzima naiheshimu. Kwa mtoto mchanga wa viganja vyeupe nakiri moyo wangu unakataa kabisa, na sioni haja ya kukuficha hilo.

Dereva wa lori, Tunduma

Mimi sipingi dini, napinga mchezo. Nilitoa damu bure, mwaka uliofuata dada yangu akalazwa, kuna mtu wodini akamwambia mama "changamkeni kidogo" ndipo chupa ipatikane. Mama akauza kuku wake wote. Nikirudi kutoa nitakuwa mjinga.

Muuguzi, Mwanza

Kaka, pole sana, nami naona aibu kwa niaba ya taaluma yangu. Damu haiuzwi. Serikali inagharamia mfuko, vipimo na jokofu, na mgonjwa hatakiwi kuilipia. Aliyefanya vile ni mwizi, na anastahili kuripotiwa kwa uongozi wa hospitali au TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa. Ila tambua kwamba yule anapata nguvu kwa sababu damu ni adimu. Friji likijaa hana cha kumtishia mama.

Msomaji, Dar es Salaam

Mimi ni Muislamu. Hapa mjini Mashia Ithnaasheri huchangia damu wakati wa maombolezo ya Ashura, na vijana wa Kisabato nimewaona wakijipanga kwenye mahema. Aliyekuja kuchukua mfuko hakuuliza ulitoka msikitini au kanisani. Mzee, endelea.

Mleta mada

Dada wa Njombe, maneno yako nimelala nayo. Nilifikiria damu nikasahau watu waliokaa kwenye mabenchi. Neno sadaka nalifuta. Hakuna orodha, hakuna bahasha, hakuna tangazo la nani katoa. Iwe Jumamosi, si baada ya ibada, na milango iwe wazi kwa mtaa wote. Wasioweza kutoa wapewe kazi ya chai na uji, ili kila mtu awe na mahali pake.

Naishi nayo, Njombe

Hapo kwenye chai umenipiga tena mzee wangu. Atakayeshika birika ndiye atakayenyooshewa kidole.

Mleta mada

Kweli kabisa. Sikuliona.

Muuguzi, Mwanza

Chai ipangwe kwa zamu ya jumuiya, mwezi huu hawa, robo ijayo wengine, wote wanaume kwa wanawake. Na siku hiyo watu wengi hurudishwa kwa sababu za kawaida kabisa: presha, kilo, wingi wa damu, mama anayenyonyesha. Mhudumu hatangazi sababu. Mahojiano yafanyike chumba chenye mlango, mhudumu na mtoaji peke yao, wazee wote wa kanisa wawe nje ya uwanja.

Naishi nayo, Njombe

Ikiwa hivyo, hata mimi ningekubali jumuiya yangu ipewe zamu ya kwanza. Uji naupika vizuri.

Mleta mada

Ofisi ya mwinjilisti ina mlango, lakini kitasa kilivunjika tangu mwaka jana na tunaufunga kwa kamba. Kikao ni Jumanne. Kesho asubuhi nakwenda kumtafuta fundi.