Wachora ramani na mafundi, acheni kutuambia "utazoea"

Wadau, naandika nikiwa na hasira na wala sitaificha. Nimehamia nyumba ambayo kila chumba kinapendeza, isipokuwa jiko, chumba ninachosimama humo kwa saa nyingi kila siku. Sinki liko ukuta huu, stovu iko ukuta wa mkabala, na katikati yake ndipo inapopita njia ya kwenda mlango wa nyuma. Kila nikibeba sufuria ya maji ya moto kwenda kuyamwaga, navuka njia ambayo watoto wanakimbilia nje. Friji ilikosa pa kukaa, ikasukumwa kwenye kona. Mlango wake unagonga ukuta kabla haujafunguka vya kutosha, kwa hiyo zile droo za chini hazitoki.

Niliyaona haya mapema, kuta zikiwa bado tofali tupu, nikamwambia aliyechora. Jibu lake: "Utazoea."

Nizoee nini? Kuungua?

Kinachoniuma ni kwamba mambo haya yameshafanyiwa kazi tangu zamani. Mwaka 1926 msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko la nyumba za gharama nafuu za jiji la Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa na upana wa kama mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 tu, lakini alilipanga kwa kufuata kazi zinavyofuatana na hatua ambazo mtu anapiga. Miaka ya 1940, Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani kikaeneza kanuni ya pembetatu: sinki, stovu na friji. Kutoka kimoja hadi kingine pawe na kati ya mita 1.2 na 2.7, jumla ya pande tatu isizidi mita 8 hivi, na njia ya wapita njia isikate humo ndani. Ni hesabu ya penseli na rula. Aliyepewa kazi ya kuchora nyumba nzima anashindwaje?

Halafu kuna kimo cha kaunta, hapa ndipo migongo yetu inapoharibiwa. Mafundi wengi wameshika sentimita 90 kana kwamba binadamu wote tumekatwa kwa kipimo kimoja. Pima kiwiko cha anayepika akiwa amesimama wima na mkono umekunjwa, kisha toa sentimita 10 hadi 15. Mtu wa kimo cha sentimita 155, kiwiko chake kiko karibu na 97, kwa hiyo kaunta yake ya kukatia ni 82 hadi 87. Mwekee 90, halafu ongeza unene wa jiwe la juu ya kaunta ambao fundi alisahau kuuhesabu, na atakatakata akiwa ameinua mabega kila siku ya maisha yake. Sinki ni kinyume chake. Mikono inafanya kazi chini, kwenye kina cha sinki, hivyo ukingo wake unaweza kuwa juu kidogo kuliko kaunta. Mimi hakuna aliyenipima. Hakuna hata aliyeuliza nani atakuwa anapika humu.

Na nafasi ya kutua vitu je? Pembeni ya stovu panatakiwa angalau sentimita 30 hadi 40 za kaunta kila upande, ili sufuria ya moto ikitoka ipate pa kuwekwa mara moja. Yangu imebanwa ukutani upande mmoja, na upande wa pili kuna dirisha. Upepo ukiingia unapeperusha moto wa gesi, na pazia siwezi kutundika.

Taa wameweka moja, katikati ya dari. Ukisimama kwenye kaunta taa iko mgongoni, unakatia ndani ya kivuli chako mwenyewe. Taa ya kukatia inakaa chini ya makabati ya juu, mbele yako. Soketi sitaki hata kuzizungumzia.

Ninyi mnaoshawishiwa na picha za kaunta ya katikati, chukueni futi kwanza. Kaunta ya ukutani sentimita 60, njia 105, kaunta ya katikati 60, njia nyingine 105: hiyo tayari ni mita 3.3, na hapo ni njia za mpishi mmoja. Wakiwa wawili, kila njia itake 120. Nimeona mtu kawekewa kaunta hiyo kwenye chumba cha mita 2.8, na droo zikivutwa hakuna anayepita. Aliyeichora alishalipwa na kuondoka.

Nasisitiza ramani mapema kwa sababu ya bomba la maji machafu. Waya wa umeme unaweza kuhamishwa ukapaka rangi upya. Bomba la maji machafu linahitaji mteremko, kama sentimita 2 kwa kila mita, na mara nyingi limezikwa sakafuni. Kuhamisha sinki baada ya vigae ni kuvunja sakafu. Ndiyo maana yule bwana alikuwa na haraka ya kunifunga mdomo, na ndiyo maana mimi sasa natafuta fundi wa kubomoa.

Kama bado uko kwenye msingi, chora jiko lako sakafuni kwa chaki, kwa vipimo halisi, na milango ya friji na makabati ikiwa imefunguliwa. Simama humo na anayepika, mwende toka friji hadi sinki hadi stovu. Fundi akisema unamchelewesha, mwache akasirike.

Wenye ramani ambazo hazijajengwa, ziwekeni hapa chini na vipimo vyake pamoja na kimo cha mpishi. Nitazipitia moja moja, na wasanifu mliomo humu njooni mjibu: kwa nini hamuulizi?