Vepu, plasta au bigijii ya nikotini: kipi kinamfaa dereva anayetaka kuacha sigara?

MwanaKisauni
Assalaam aleikum wakubwa. Shemeji yangu ni dereva wa trela, anapiga ruti ya Mombasa mpaka Kampala. Anamaliza pakiti nzima kwa siku, na safari ikiwa ya usiku anazidisha. Sasa kifua kimeanza kumbana, anakohoa mpaka watoto wanaamka. Mwenyewe amesema anataka kuacha, hatujamlazimisha. Vijana wa mtaani wanamwambia anunue vepu, yaani sigara ya elektroniki, daktari kamtajia plasta za kubandika kwenye ngozi na bigijii za nikotini, na dukani kaviona vile vifuko vya nikotini vya kubana kwenye ufizi. Pesa natoa mimi. Nisaidieni kulinganisha.

BabaRahma_Temeke
Waaleikum salaam. Mimi nimetokea kwenye sigara kwa njia ya vepu, kwa hiyo naisema ninavyoijua. Kinachowavutia watu si nikotini peke yake. Ni mkono kuwa na kitu cha kushika, ni moshi kutoka mdomoni, ni kile kisingizio cha kutoka nje dakika tano na wenzako. Plasta haikupi hata kimoja katika hivyo. Ukikaa kijiweni na kikombe cha kahawa chungu, arosto, ile hamu kali ya kuvuta, inakuja kupitia mkono kabla haijafika kichwani.

Ila chukua vepu ile ya kujaza mwenyewe juisi, yaani maji yenye nikotini, usichukue ya kutupa ikiisha. Ya kujaza unaanza na nguvu ya 18, yaani miligramu za nikotini kwa mililita ya juisi, unashuka 12, 6, mpaka 3. Unajua ulipo. Zile za kutupa nyingi zinatumia chumvi ya nikotini, ambayo haikwaruzi koo, basi unavuta tu. Na sigara ina mwisho: moto ukifika kwenye kichungi unatupa. Vepu haikwambii imetosha. Nimeona watu wanalala nayo chini ya mto.

Mfamasia_Leicester
Ndugu MwanaKisauni, nafanya kazi duka la dawa hapa Uingereza, na suala hili naulizwa kila wiki. Tuanze na kinachomuumiza shemeji. Nikotini ndiyo inayomfunga, lakini kinachoharibu mapafu na moyo zaidi ni tumbaku inapoungua: lami, kaboni monoksaidi na kemikali nyingine chungu nzima. Vepu haichomi tumbaku. Betri inapasha koili, yaani kiwaya kilichojisokota, koili inachemsha juisi iliyoloana kwenye pamba, unavuta mvuke. Ndiyo sababu huku serikali inawaruhusu wavutaji wahamie huko, na mwaka 2023 ilitangaza mpango wa kuwapa wavutaji milioni moja vifaa vya kuanzia.

Kuhusu kipi kinafanya kazi: utafiti wa Peter Hajek na wenzake, uliotoka 2019 katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine, uliwachukua watu 886 waliofika kwenye huduma za kuacha sigara hapa Uingereza. Baada ya mwaka, asilimia 18 ya waliopewa vepu walikuwa wameachana na sigara. Kwa waliopewa plasta, bigijii na aina nyingine za dawa ya nikotini, asilimia 9.9. Tofauti ni kubwa. Lakini wauzaji hawakusomei nusu ya pili: kati ya waliofaulu kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanaivuta mwaka ulipokwisha. Upande wa pili ni asilimia 9 tu waliokuwa bado kwenye dawa. Na wote walipata mtu wa kuzungumza naye kila wiki kwa mwezi wa kwanza. Hilo nalo lihesabuni, kwa sababu anayeachiwa kifaa mkononi bila mtu wa kumfuatilia ana kazi ngumu zaidi.

TumainiLaMama
Samahani, mimi naogopa. Si huko Marekani vijana walikufa kwa vepu?

Mfamasia_Leicester
Dada Tumaini, ni kweli walikufa. Mwaka 2019 uliibuka ugonjwa wa mapafu, na kufikia Februari 2020 zilikuwa zimehesabiwa kesi 2,807 na vifo 68. Wengi wao walikuwa wamevuta mafuta ya bangi ya magendo yaliyochanganywa na asetati ya vitamini E, si juisi ya kawaida ya nikotini. Somo lake ni kwamba juisi usiyojua imetoka wapi usiivute. Wala simwambii mtu yeyote vepu ni salama. Naifananisha na sigara tu, na madhara yake ya miaka mingi bado hayajajulikana yote.

Ticha_Nakuru
Naomba niingize jambo moja kabla hamjaendelea. Nafundisha sekondari. Vepu ninazozikamata ni za ladha ya embe, tikiti na barafu, zimefanana na kalamu ya kuangazia, na walio nazo hawajawahi kushika sigara maishani. Kwao hakuna wanachoacha, wanaanza. Ubongo wa mtoto wa miaka 15 unashikwa na nikotini upesi kuliko wa mtu mzima. Shemeji akichagua vepu, isizagae sebuleni. Na ile juisi, mtoto mdogo akiinywa ni sumu.

Okello_Kampala
Kaka, mbona hakuna aliyeuliza kuhusu ruti? Sheria yetu ya udhibiti wa tumbaku ya 2015 imepiga marufuku kuingiza na kuuza sigara za elektroniki hapa Uganda, pamoja na shisha. Shemeji yako akivuka mpaka wa Malaba na vepu anajitafutia shida, na akiishiwa juisi hana pa kununua kihalali. Atafanya nini? Atarudi kwenye sigara, maana hiyo inauzwa kila kituo cha malori.

Binti_Maskati
Okello kasema kweli. Hata huku Oman ni marufuku kuziuza, wakati jirani zetu wa Falme za Kiarabu waliziruhusu 2019. Anayesafiri aulize sheria kabla ya kufunga mzigo.

BabaRahma_Temeke
Kwa dereva wa mpakani nakubali, vepu itoke. Vipi vile vifuko?

Mfamasia_Leicester
Vifuko havina moshi, lakini vingi vina nikotini kali, na havikutengenezwa kama dawa ya kumshusha mtu hatua kwa hatua. Mimi ningekwenda kwenye plasta na bigijii kwa pamoja. Vikitumiwa pamoja vinasaidia kuliko kimoja peke yake: plasta inashikilia kiwango cha chini siku nzima, bigijii inazima arosto inayopanda ghafla, na mikono inabaki kwenye usukani.

Kwa mvutaji wa pakiti, plasta kwa kawaida inaanza na miligramu 21, baadaye 14, kisha 7. Abandike asubuhi kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, sehemu ya juu ya mkono au kifuani, na kila siku abadilishe mahali. Ikimkosesha usingizi, aivue anapolala. Kama anawasha sigara ndani ya nusu saa ya kuamka, bigijii iwe ya miligramu 4.

Na bigijii hii haitafunwi kama ya watoto. Unatafuna taratibu mpaka uhisi pilipili ulimini, unasimama, unaiegesha kati ya shavu na ufizi. Pilipili ikiisha unatafuna tena kidogo. Ukiitafuna mfululizo unameza nikotini, tumbo linachafuka, kwikwi zinakushika, na utasema dawa mbaya. Asinywe kahawa wala soda robo saa kabla yake, zinazuia nikotini isipenye mdomoni.

MwanaKisauni
Allah awalipe. Nimemsomea yote, amekubali plasta na bigijii. Ameuliza swali moja: akitafuna miraa njiani je?

Okello_Kampala
Madereva tunaowajua hapa, miraa na sigara zinakwenda pamoja. Akianza kutafuna, mkono unatafuta kiberiti wenyewe. Wiki za mwanzo aiweke pembeni, na kama usiku unamzidi aegeshe gari alale.

Mfamasia_Leicester
Naunga mkono. Kifua nacho kipimwe, kikohozi cha kuamsha watoto kisihesabiwe ni cha sigara tu. Na wewe piga simu maduka ya dawa mawili matatu hapo mjini kabla hajapakia mzigo, uulize kama wana plasta za miligramu 21 za kutosha safari yote ya kwenda na kurudi.