Mchango wa Mheshimiwa

MAJIRANI PLOTI YA MWEMBE, NGARA
Jumapili jioni

Mama Brayo: Habari za jioni majirani. Kuna jambo nimeletewa nikaona nisilikalie. Mnamkumbuka yule tuliyemwita Mheshimiwa, aliyekuwa nyumba nambari 6. Jana alipata ajali ya boda pale Jogoo Road akiwa na mtoto, yule Natasha. Yeye ameshonwa kichwa akaruhusiwa. Mtoto amevunjika paja na anangoja upasuaji. Mkewe ameomba tumshike mkono.

Mutua wa Duka: Mheshimiwa yupi? Huyu mweka hazina aliyehama usiku na pesa za chama chetu cha kuchangiana kwa zamu?

Mama Brayo: Huyo huyo.

Mutua wa Duka: 😂😂 Malipo ni hapa hapa duniani. Akhera ni hesabu tu.

Kevo: Karma haina haraka buda. Ilikuwa inangoja lokesheni tu 😂

Mama Njeri: Mungu si Athumani. Shilingi 184,000. Na zamu ilikuwa yangu mwezi huo. Nilikuwa nimeshamwambia fundi Gikomba aniwekee cherehani, ile ya kuoverloku. Karo ya Njeri nikalipa kwa mkopo wa simu, na riba yake mnaijua.

Mama Brayo: Tunajua Mama Njeri. Pole.

Baba Akinyi: Mama Njeri, haki yako hakuna anayeikana. Lakini niulize tu. Mtoto alikuwa kwenye chama?

Mutua wa Duka: Mzee, kwetu Ukambani kiapo cha kithitu hakiulizi swali kama hilo. Mtu akikiapia uongo kinaingia ukoo mzima. Yeye, ndugu, watoto. Ndiyo maana watu wanakiogopa kuliko korti.

Kevo: Wueh

Bi Zuhura: Mutua mwanangu, sisi tumefundishwa hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Kurani imelirudia hilo mara kadhaa, si mara moja.

Mama Njeri: Hata Biblia, Ezekieli 18. Na hiyo hiyo Biblia inasema chochote apandacho mtu ndicho atakachovuna, Wagalatia 6:7. Msinichagulie mistari.

Baba Akinyi: Basi ongeza Yohana 9. Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu wakauliza, nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake? Wakajibiwa si huyu wala si wazazi wake.

Mutua wa Duka: Huyo kipofu hakuwa mweka hazina.

Kevo: 😂😂😂 Mutua wewe

Baba Akinyi: Mnacheka, lakini hili jambo mimi nimeliona likila watu. Wacha niandike refu, mtanisamehe.
Kijijini kwetu Siaya miaka ya 90, mtu akianza kukonda watu walisema ni chira. Maana yake amevunja mwiko. Labda amejenga boma kabla ya kaka yake mkubwa, labda mjane amekataa kurithiwa. Binamu yangu alirudi kutoka Kisumu mifupa mitupu. Wazee wakakaa chini ya mti wakitafuta alikosea wapi. Wakachimbua mpaka maneno ya mazishi ya babu. Manyasi, dawa ya mitishamba, yakapikwa, akanywa, akaendelea kukonda. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama amepimwa. Moi anatangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, huyu tulikuwa tumeshamzika.
Na mjane ndiye aliyebaki na aibu. Walisema yeye ndiye aliyevunja. Akikuja kisimani wenzake wanainua mitungi. Dawa zilipoanza kupatikana alimeza, akanenepa, na mpaka leo anauza omena sokoni. Waliomtenga wananunua kwake na kuomba nyongeza.
Kwa hivyo nikisikia mtu anasoma kosa la mwenzake kwenye mfupa uliovunjika, mimi nasisimka mwili.

Bi Zuhura: Allah awarehemu.

Mama Brayo: Pole mzee. Hii hujawahi kutuambia.

Kevo: Lakini mzee, ukisema hivyo basi karma hakuna. Ndiyo naona pia. Kashfa ya Goldenberg ilikuwa miaka ya 90 mwanzoni, hata mimi sijazaliwa. Pesa ya nchi ilienda kwa dhahabu hewa. Sijasikia paja la mtu limevunjika.

Mutua wa Duka: Inawapata kwa siri. Pesa ya wizi hailali usingizi.

Kevo: Inalala Karen kwa matajiri, buda. Kwa shuka safi, na mbwa wawili nje.

Mutua wa Duka: Kevo wewe nenda ulipe unga wa Alhamisi kwanza.

Kevo: 🙈

Kevo: @Bharatbhai hii karma ilitoka kwenu. Njoo utoe ushahidi.

Bharatbhai: Nilikuwa nafunga hesabu ya duka. Nimesoma yote. Kevo, si yetu peke yetu na hata sisi hatuielewi kwa njia moja. Majirani zangu Wahindu wengi wanasema Mungu ndiye anayegawa matunda ya matendo. Mimi ni Mjaini, hiyo ni dini nyingine ya India. Kwetu hakuna anayegawa, hakuna hakimu. Tunasema karma ni kama vumbi laini sana linaloganda kwenye roho. Hasira, kiburi, hila na tamaa ndizo zinalifanya lishike. Na hesabu haikuanza na maisha haya, inatoka huko nyuma. Sasa Mheshimiwa akianguka Jogoo Road, mimi siwezi kusema hii ni ya chama cha 2022. Inaweza kuwa breki za pikipiki.

Baba Akinyi: Au mashimo.

Bharatbhai: Au mashimo, ndiyo. Lakini anayefurahia kuanguka kwake, vumbi hilo ni lake, siyo la Mheshimiwa.

Mama Njeri: Eti nini? Mimi nimeibiwa, mimi nimelipa riba, na sasa mimi ndiye mwenye vumbi? Bharatbhai nakuheshimu sana lakini hiyo hapana.

Bharatbhai: Hapana dada, sijasema wewe. Kudai pesa yako si kosa. Mimi mwenyewe nadai, Kevo anajua.

Kevo: Leo nimekuwa mfano wa kila mtu.

Mama Njeri: Na sijacheka. Rudini juu muangalie. Aliyecheka ni Mutua.

Mutua wa Duka: Nimecheka. Nilitoa 2,000 kila mwezi kutoka kwa duka ambalo faida ya mkate ni shilingi chache. Nina haki ya kucheka mara moja.

Kevo: Bharatbhai, na ile mesegi unatutumia kila mwaka, ya kuomba msamaha kama umetukosea kwa kujua au kwa kutojua? Mwaka wa kwanza nilikaa usiku mzima nikijiuliza umenifanyia nini 😂

Bharatbhai: 😂 Hiyo ni siku ya mwisho ya Paryushan, sikukuu yetu ya mwezi wa nane au wa tisa. Tunafunga, halafu tunaomba kila mtu msamaha. Mke, wateja, hata yule mliyekosana naye. Hiyo ndiyo kazi ya karma kwetu, kujisafisha mwenyewe. Si kungojea jirani apigwe.

Bi Zuhura: Hapo tunakaribiana, ila sisi tuna Mola anayesamehe, hatubaki na vumbi peke yetu. Lakini sikilizeni, haki ya mja ni kitu kingine. Mtu akila mali ya mwenzake, toba peke yake haitoshi. Airudishe, au mwenyewe amsamehe. Mheshimiwa akivunjika miguu yote miwili bado hajalipa hata senti ya Mama Njeri. Ajali si risiti.

Mama Njeri: Asante Bi Zuhura. Hilo ndilo nilikuwa nalitafuta. Maana tangu jioni naambiwa amelipwa, amelipwa. Mimi sijaona pesa kwa simu.

Baba Akinyi: 👏🏿

Mutua wa Duka: Sasa mnataka tumchangie mtu anayetudai... pole, tunayemdai.

Mama Brayo: Tunamchangia Natasha. Alikuwa anacheza kwa mlango wako Mutua, ulikuwa unampa peremende.

Mutua wa Duka: Nilimpa. Nilijua babake ni mtu mzuri.

[Ujumbe huu umefutwa]

Kevo: Nani amefuta? Tumeona 😂

Mama Njeri: Mimi nina neno moja. Kama kutachangwa, hakuna shilingi itakayoingia kwa simu ya Mheshimiwa wala ya mkewe. Hospitali ina nambari ya malipo, na mtoto ana nambari ya mgonjwa. Kila mtu atume huko moja kwa moja, abandike mesegi hapa. Hatutakuwa na mweka hazina.

Baba Akinyi: Naunga mkono.

Bi Zuhura: Na mimi. Hapo ndipo mlipotakiwa kuanzia tangu hicho chama.

Mama Brayo: Sawa kabisa. Nimeongea na mkewe sasa hivi, amesema ni afadhali hivyo hata kwake. Nambari zote mbili nimezibandika juu. Upasuaji ni kesho kutwa mungu akipenda. Wanatakiwa watangulize 30,000. Dada yake ameshapata 12,000.

Bharatbhai: Nimetuma 2,000. Tafadhali msiandike jina.

Kevo: Umeshaliandika hapa mwenyewe 😂 Mimi 200, mwisho wa mwezi nitaongeza.

Mutua wa Duka: 200 unayo? Na unga?

Kevo: Mutua si nikulipe kesho, haki ya mungu.

Baba Akinyi: 1,000 kutoka kwangu na mama.

Bi Zuhura: 500. Na nitapika uji wa mchele, mtu anayeshuka huko kesho asubuhi apitie kwangu kabla ya saa mbili.

Mutua wa Duka: Mimi sitoi. Naomba nisiulizwe na nisitumiwe meseji ya pembeni. Asiyetoa pia ni jirani.

Mama Brayo: Hakuna atakayekuuliza.

Mama Njeri: Niandike 500. Na chini yake uandike deni liko palepale.

Mama Brayo: Mama Njeri, deni haliandikwi kwenye orodha ya mchango jamani.

Mama Njeri: Basi nitamwandikia mwenyewe. Amebadilisha laini tangu ahame, na najua wewe unayo mpya. Nitumie.

Mama Brayo: Nakutumia pembeni. Lakini ngoja mtoto atoke theta kwanza.

Mama Njeri: Nitangoja mpaka Ijumaa.