Mjadala: Mama kibarua alipwe ili anyonyeshe?

Mtoa mada: South Yorkshire na jirani zake, Uingereza, mitaa yenye unyonyeshaji mdogo iligawiwa vocha za manunuzi dukani za hadi pauni 200 kwa mama anayenyonyesha. Matokeo ya 2018: wiki ya 6 hadi ya 8, waliokuwa wakinyonyesha ni asilimia 37.9, mitaa isiyo na vocha, 31.7. Hapa Nairobi, mama wa mtaa wa mabanda wa Mukuru anayefulia watu hana mwajiri mmoja, kwa hiyo likizo ya miezi 3 ya Sheria ya Ajira haimfikii. Alipwe.

Mkunga: Pesa itamkuta ameshaacha. Mwenye kifunguamimba hukata tamaa siku ya 2 hadi ya 4, maziwa hayajajaa. Mtoto analia, titi bado laini, shosho (bibi yake mtoto) anasema "huna maziwa", maji ya sukari yanakorogwa. Mtoto akishiba maji hanyonyi, na titi lisiponyonywa halitengenezi. Hakuna aliyemwambia kwamba siku ya kwanza mlo mmoja ni kama kijiko cha chai tu.

Halafu michubuko. Mtoto ameshika ncha ya chuchu. Asubiriwe apanue mdomo, aletwe kwenye titi (si titi kumfuata yeye), kidevu kiguse, weusi unaozunguka chuchu uonekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Haya huonyeshwa nyumbani, wiki ya kwanza, shosho akiwepo. Yeye ndiye apewe kazi ya kuhesabu: kuanzia siku ya 5, nepi 6 au zaidi zenye mkojo kwa siku, dalili kwamba maziwa yanatosha. Hesabu hiyo humnyamazisha kuliko mabango yote ya kliniki.

Mtoa mada: Na akirudi kufua?

Mkunga: Akamue kwa mkono. Anawe kwa sabuni, kidole gumba juu, vingine chini, kama sentimita 3 nyuma ya chuchu. Asukume kuelekea kifuani, abane, aachie. Asiteleze vidole juu ya ngozi, ataumia. Mtoto anyweshwe kwa kikombe. Chupa ni ngumu kusafisha penye maji ya kununua. Kivulini maziwa hukaa saa 4 hivi. Chini ya mabati ya moto, pungufu.

Afisa lishe: Shida yangu na vocha ni uhakiki. Kule Uingereza mhudumu wa afya alitia saini kwamba mama ananyonyesha. Huku, mhudumu wa kijiji akigeuka mkaguzi, mama aliyeanza kumpa mtoto uji atamficha, na ndiye anayehitaji msaada kuliko wote. Mkitaka kulipa, lipeni siku za kutofua, bila kuuliza mtoto anakula nini.

Mtoa mada: Hilo nalikubali. Basi tubishane ni siku ngapi.