Herufi za udongo uliopasuka: kubana picha ndani ya herufi, kuzitafuna kwa maski, au kuzipa kina kwa stailì ya leya?

msanifu_jalada

Wakuu, salaam. Naomba mawazo yenu kabla sijaendelea. Nina jalada la kitabu lenye neno moja tu kubwa, UDONGO, na mwandishi anataka herufi zionekane kama ardhi iliyokaukiwa hadi ikapasuka. Ukubwa ni A5 kwa dpi 300 (nukta kwa inchi), yaani pikseli 1748 kwa 2480. Nimejaribu njia tatu kwenye Photoshop.

Ya kwanza, niliweka picha ya ardhi iliyopasuka juu ya leya (tabaka) ya maandishi, nikaibana kwa Ctrl+Alt+G ili ionekane ndani ya herufi tu. Inafanya kazi kwa sekunde mbili, lakini herufi zinaonekana kama zimekatwa kwa mkasi kutoka kwenye bango.

Ya pili, stailì ya leya: Bevel & Emboss, inayozipa herufi unene, na kipengele chake cha Texture, kinachoongeza mabonde. Hapa nimepata plastiki. Inang'aa, ina mabonde, ila si udongo.

Ya tatu, niligeuza ile picha kuwa nyeusi na nyeupe tupu nikaitia kwenye maski ya maandishi, nyeusi ikafuta, nyeupe ikabakiza. Nimepata mhuri uliochakaa. Ni mzuri, lakini si nilichoombwa.

Masharti mawili: maandishi yabaki yanaharirika, maana jina la kitabu linaweza kubadilika, na mwenzangu anayepanga kurasa za ndani anatumia GIMP (programu ya bure ya kuhariri picha), kwa hiyo ningependa njia anayoweza kuirudia kwake. Mngechagua ipi? Nawasilisha.

wino_mzito

Mkuu, njia zako tatu hazishindani. Kila moja inajibu swali lake.

Kubana picha kunajibu "herufi imetengenezwa kwa nini?" Maski inajibu "herufi imepitia nini?" Bevel inajibu "herufi ina unene gani?" Mhuri umechakaa, kwa hiyo maski peke yake inautosha. Udongo uliopasuka una maswali mawili kwa pamoja: umetengenezwa kwa kitu fulani, na kitu hicho kimepitia jua. Ndiyo maana kila njia ikiwa peke yake imekuacha nusu ya safari.

Tazama ukingo wa herufi zako za jaribio la kwanza. Nina hakika ufa unatoka katikati ya mguu wa D (mstari wake wa wima), unafika ukingoni, halafu unakoma ghafla kwenye mstari ulionyooka. Ardhi haifanyi hivyo. Ufa ukifika ukingoni, ukingo nao unafunguka, kipande kidogo kinamomonyoka. Jicho linauona huo mstari ulionyooka hata kama mtazamaji hawezi kueleza kinachomsumbua.

Ninavyofanya mimi: maandishi na picha iliyobanwa naviweka kwenye kundi moja, maski naitia kwenye kundi, siyo kwenye maandishi. Kisha nakuza hadi asilimia 200, nachukua brashi nyeusi yenye ukingo mkavu, usio laini, na kila ufa unapotokea ukingoni nauma pembetatu ndogo ya pikseli 6 hadi 8 kwenye maski. Pana kwa nje, nyembamba kwa ndani, ikielekea kule ufa unakotoka. Usiume pasipo na ufa. Ukiuma ovyo unarudi kwenye mhuri.

Ni kazi ya mkono na inachukua muda. Hakuna filta inayojua ufa wako unaishia wapi.

tabaka_saba

Naungana na wino_mzito kuhusu ukingo, lakini Bevel tusiitupe. Plastiki inatokana na mambo mawili: namba kubwa na mwanga usiopatana.

Kabla ya kugusa stailì yoyote, angalia picha yako ya udongo na ujiulize jua lilikuwa upande gani. Kwenye kila ufa kuna mdomo mmoja wenye mwanga na mwingine wenye kivuli. Kama mwanga wa picha unatoka kushoto juu na Bevel umeiacha na pembe iliyokuja nayo, basi una majua mawili kwenye neno moja. Hapo ndipo kitu kinageuka bandia. Weka pembe ya stailì ifuate picha, au igeuze picha kwa mlalo ifuate stailì.

Halafu punguza. Ukubwa wa Bevel uwe pikseli 2 au 3. Ule mwanga mweupe wa juu, uliowekwa kwenye Screen (hali ya kuchanganya inayoangaza), ushushe hadi asilimia 15 na uupe rangi ya udongo mwepesi badala ya nyeupe. Udongo mkavu haung'ai. Kipengele cha Texture kizime kabisa, maana picha yako tayari ina mabonde yake, na mabonde juu ya mabonde ndiyo yaliyokupa plastiki.

Jambo la mwisho: stailì iweke kwenye kundi lenye maski, siyo kwenye maandishi. Tangu Photoshop CS6 kundi linapokea stailì. Ukifanya hivyo kivuli kinafuata hata zile pembetatu ulizouma ukingoni, na kila mmomonyoko unapata kina chake bila kazi ya ziada.

kalamu_ya_mti

Nijibu upande wa GIMP, maana huko ndiko niliko kila siku.

Wengi wanafundisha kuchagua umbo la herufi kwa Alpha to Selection kisha kuongeza maski kwenye leya ya picha. Inafanya kazi, ila maski hiyo imeganda. Ukibadilisha neno, maski inabaki na neno la zamani. Kwa sharti lako la kwanza njia hiyo haifai.

Inayofaa ni hii. Unda kundi la leya, chini weka maandishi, juu weka picha ya udongo. Kwenye sifa za leya ya picha, badilisha Composite Mode iwe Clip to Backdrop. Sasa picha inaonekana pale tu palipo na herufi chini yake, na maandishi yako bado ni maandishi: futa, andika upya, picha inafuata. Kundi lenyewe liache kwenye Normal. Ukiliweka Pass Through, picha inahesabu pia leya zilizo nje ya kundi na itamwagika hadi kwenye mandharinyuma. Hili lilinisumbua siku nzima nilipoanza. Clip to Backdrop ipo tangu 2.10.

Maski ya kundi na kuuma kwa brashi ni vilevile kama alivyoeleza wino_mzito.

Kwenye kina ndipo toleo linapoleta tofauti. Ndani ya 2.10, ukipitisha Bump Map (filta inayochora mabonde) juu ya leya ya maandishi, filta inaandikwa moja kwa moja kwenye pikseli. Ukirudi kuhariri neno, GIMP inakuonya kwamba mabadiliko hayo yatapotea, na kweli yanapotea. Toleo la 3.0 la Machi 2025 limeleta filta nyingi zisizoharibu: zinakaa juu ya leya, unaweza kuzizima au kuzirekebisha, na maandishi yanabaki hai. Kama mwenzako bado yuko 2.10, mshauri ahame kabla hamjaanza kupeana faili.

msanifu_jalada

Asanteni sana, hasa kwa hoja ya ukingo. Nimekuza mguu wa D na ni kama wino_mzito alivyosema, ufa unakatwa wima kabisa.

Nina maswali mawili. Neno lina O mbili (D-O, kisha G-O), na kwa sababu nilitumia patani inayojirudia, O zote mbili zina ufa uleule, mahali palepale. Ukishauona mara moja huwezi kuacha kuuona. La pili, kuna aliyeniambia nitumie Displace ili herufi zipinde kufuata nyufa. Inastahili?

uzi_na_sindano

Nianze na Displace, maana nimeitumia sana kwenye maandishi ya juu ya vitambaa.

Filta hiyo inasoma ramani, yaani faili tofauti ya PSD, na kusogeza pikseli kulingana na mwanga wake. Kijivu cha katikati, 128, hakisogezi kitu. Nyeusi inasukuma upande mmoja, nyeupe upande wa pili. Ramani ikiwa na chaneli moja, kila kitu kinasogea kwa mshazari. Ikiwa na mbili, ya kwanza inashika mlalo na ya pili wima.

Inang'ara pale maandishi yanapolala JUU ya kitu: rangi kwenye ukuta wa matofali, nembo kwenye shati lenye mikunjo. Mkunjo unapinda, herufi inapinda nao. Kwako wewe herufi NDIZO udongo. Hazijalala juu ya kitu chochote, kwa hiyo hakuna cha kuzipinda. Utapata mawimbi ukingoni, na ardhi iliyokauka haina mawimbi, ina mivunjiko. Iache.

Ukiihitaji siku nyingine, geuza kwanza maandishi kuwa Smart Object (leya inayohifadhi asili yake), na ramani uitie ukungu wa pikseli 2 hivi, la sivyo kingo zinatoka na meno. Namba 10 inayokuja nayo mara nyingi ni nyingi kwa maandishi madogo. Anza na 4.

Kuhusu O pacha: achana na patani. Tumia picha moja kubwa inayofunika neno zima. Kama huna picha pana ya kutosha, nakili leya ya udongo, ibane nayo, na juu ya O ya pili pekee iongeze ukubwa kidogo na kuisogeza. Usiizungushe nyuzi 180 bila kufikiri, jua la picha litageuka nalo, na tabaka_saba ameshaeleza matokeo yake.

pikseli_moja

Nyongeza fupi kwa wasio na Photoshop. Photopea inafanya kazi ndani ya kivinjari, inafungua PSD (faili za Photoshop), na ina kubana leya, maski na stailì kwa mpangilio unaofanana. Krita, programu ya kuchora, inabana kwa alama ya alfa (uwazi) iliyo pembeni ya leya, ndani ya kundi, na brashi zake zenye ukavu ni nzuri mno kwa kazi hii ya kuuma kingo.

Inkscape singeichagua hapa. Ni programu ya vekta, yaani maumbo ya mistari, na kugeuza picha ya nyufa kuwa vekta kunazaa maelfu ya nodi (pointi za mistari hiyo), na kompyuta inaanza kukokota. Kwa mhuri wa rangi moja, hapo sawa, Inkscape ni chaguo zuri kuliko zote, kwa sababu unaweza kuukuza upendavyo bila kupoteza kitu.

wino_mzito

Sijaona mtu akigusa fonti. Msanifu, unatumia ipi? Tekscha inahitaji nyama ya kukaa. Kwenye herufi nyembamba ufa mmoja unakata mguu mzima, na N inaanza kusomeka kama I mbili. Chukua fonti nzito kabisa isiyo na vijimkia, kisha ongeza nafasi kati ya herufi, maana mimomonyoko ya ukingoni inahitaji hewa ionekane.

Na nyufa ziwe za kipimo cha herufi. Vipande vitatu hadi vitano vya ardhi ndani ya upana wa mguu mmoja vinatosha. Vikiwa ishirini, kwa mbali vinageuka kijivu. Kikiwa kimoja, ni doa.

msanifu_jalada

Nimerudi na matokeo. Nilibadilisha fonti ikawa nzito zaidi, nikaitupa patani na kutumia picha moja pana, nikahesabu sehemu 31 ambapo nyufa zinatoka ukingoni, nikauma moja moja. Saa moja na nusu. Stailì iko kwenye kundi: kivuli cha ndani cha pikseli 3, Bevel ya 2, mwanga kutoka kushoto juu kama kwenye picha.

Tofauti kubwa imeletwa na zile pembetatu. Kabla ya kuziweka nilikuwa na picha ya udongo yenye umbo la D. Sasa mguu wa D unaonekana ungeweza kuvunjika ukiugusa. Mwandishi alipoona aliuliza nilikopiga picha ya herufi hizo.

Hasara nimeiona pia: jaribio la kubadilisha neno linafanya kazi, picha inafuata, ila maski ya kuuma inabidi irudiwe yote. Nimeona bora kumwomba mwandishi athibitishe jina kwanza.

Mwenzangu ameirudia kwenye GIMP 3.0 kwa Clip to Backdrop na imetoka karibu sawa.

tabaka_saba

Hongera mkuu. Kabla hujapeleka kiwandani, fanya jaribio moja. Chapisha neno peke yake kwa ukubwa halisi kwenye karatasi ya kawaida na ulitazame ukiwa umenyoosha mkono. Mmomonyoko wa pikseli 6 kwa dpi 300 ni nusu milimita tu. Kwenye skrini uliukuza ukauona mkubwa, kwenye karatasi unaweza kuonekana kama kosa la mashine. Ikiwa hivyo, chagua mimomonyoko kumi iliyo mahali pazuri na uipanue hadi pikseli 12 au 14, mingine iache ilivyo.

msanifu_jalada

Nimechapisha sasa hivi. Ni kweli, ya kwenye G ilipotea kabisa. Nimepanua tisa, mbili zikiwa kwenye G, na nimeondoa moja kwenye N iliyokuwa inaukata mguu. Faili inakwenda kesho asubuhi.